Rivolva fupi inauma mkono: ninunue risasi gani za mazoezi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kampemba, Lubumbashi. Nimelifupisha: "Papa, niko na rivolva ya .38 Special, matundu matano, mtutu wa inchi mbili hivi, mwili wa alumini. Kibali kiko sawa. Niliichukua baada ya wezi kuvunja duka langu. Kila nikienda kulenga mkono unauma, na mashimo yote yanakwenda chini upande wa kushoto, nami natumia mkono wa kulia. Rafiki mmoja ananiambia nifanye mazoezi na risasi kali za magnum ili nizoee. Mwingine anasema ninunue zozote za bei ya chini, mazoezi ni mazoezi. Wa tatu anasema 9 mm, maana ndizo zinapatikana kila mahali. Tena nina mkanda wa ngozi wa marehemu mjomba, umejaa risasi za zamani. Nimfuate nani?"

Mdogo wangu, kati ya hao watatu usimfuate hata mmoja. Tafuta risasi za .38 Special za kawaida, zisizo na alama ya +P, zenye kichwa cha mviringo cha greni 158, yaani gramu 10.2 hivi. Ukizikosa, chukua zile za kichwa bapa cha greni 148. Ukikosa na hizo, ndipo uchukue za greni 130. Sikuzipanga kwa bei wala kwa nguvu. Nimeangalia mahali ambapo risasi itapiga ikitoka kwenye bastola yako wewe, na idadi ya risasi utakazofyatua kabla mkono haujaanza kuogopa.

Kabla ya kununua chochote, fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, kisha usome maandishi ubavuni mwa mtutu. Yakisema .38 SPECIAL au 38 S&W SPL, tuko pamoja. Yakiongezwa +P mwishoni, maana yake kiwanda kimeruhusu risasi zenye shinikizo la juu zaidi: kwa vipimo vya Kimarekani, .38 Special ya kawaida ina kikomo cha paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, na +P ina kikomo cha 20,000. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Hata bastola yenye alama hiyo inakula risasi za kawaida bila shida, na kwa mazoezi ndizo nataka uilishe. Kama alama haipo, hasa kwenye rivolva ya alumini ya miaka ya nyuma, usiiwekee +P hata moja. Na yakisema 38 S&W tu, bila SPECIAL, hiyo ni risasi nyingine kabisa. Nitaifikia kwenye habari ya mkanda wa mjomba.

Sasa huyo rafiki wa magnum. Risasi ya .357 Magnum ilitolewa miaka ya 1930 ikiwa mtoto wa .38 Special. Kichwa ni cha unene uleule, ila ganda lilirefushwa kwa zaidi ya milimita 3, kusudi lisiweze kuingia kwenye bastola isiyoweza kuhimili nguvu yake, maana shinikizo lake ni mara mbili. Kwa hiyo kwenye rivolva ya .38 magnum haifungi. Ikifunga, huenda kuna mtu alitoboa matundu ya silinda yako, na hiyo bastola isifyatue tena mpaka fundi wa silaha aione. Na hata ingekuwa rivolva ya .357, mtutu wa sentimita 5 ni mfupi mno kwa baruti nyingi namna ile. Sehemu yake inaungua nje ya mtutu, unapata moto na kelele, na sehemu ya kasi unaikosa. Mwanafunzi anayeanza na hizo hazoei teke, yaani kule kurudi nyuma kwa bastola, anajifunza kufumba macho.

Na kufumba macho ndiyo shida yako hasa. Mashimo ya chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi hayana uhusiano na risasi. Mkono unalisubiri teke, unaisukuma bastola chini kidogo kabla ya mlio, na kidole kinavuta kifyatulio kwa pembeni. Njia ya kulithibitisha ni rahisi na rivolva inaifanya vizuri kuliko bastola ya magazini: weka risasi hai tatu na maganda mawili yaliyokwisha kufyatuliwa, izungushe silinda, uifunge bila kutazama. Halafu lenga kama kawaida huku macho yako yakibaki kwenye kilengeo cha mbele. Nyundo ikiangukia ganda tupu, tazama kilengeo kimefanya nini. Kikitulia, mkono wako ni mzima. Kikichovya chini kama ndoano iliyonaswa na samaki, umeona mwenyewe kwa nini mashimo yanashuka. Sijaona dawa ya ugonjwa huo inayoshinda risasi laini, na risasi kali zinauongeza.

Teke lenyewe lina hesabu, na si ngumu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi, uzidishe kwa kasi yake. Kutoka mtutu mfupi, kichwa cha greni 158 cha risasi ya kawaida kinatoka kwa mita 200 na kitu kwa sekunde, na kile bapa cha greni 148 kinatoka chini kidogo ya hapo. Nguvu hiyo lazima ipokelewe na bastola, na bastola nyepesi inarudi kwa kasi zaidi. Rivolva ndogo ya chuma ya matundu matano ina uzito wa gramu 550 hivi. Ya alumini kama yako iko kwenye gramu 420. Risasi ileile moja, kwenye hiyo nyepesi, inakupa teke lenye nguvu karibu theluthi moja zaidi. Kwa hiyo mtu aliyekuuzia kwa sifa ya wepesi hakudanganya. Wepesi ni mtamu ukiwa umeibeba, bei yake unailipa siku ya mazoezi.

Hapa naingiza neno ambalo hukuuliza. Kabla ya kubadilisha risasi, badilisha mpini. Rivolva nyingi ndogo hutoka kiwandani na vibao vya mbao vyembamba ambavyo havijazi kiganja, kidole kidogo kinaning'inia hewani, na ule mgongo wa chuma unagonga moja kwa moja kwenye nyama ya mkono kati ya gumba na kidole cha shahada. Mpini wa mpira unaofunika mgongo na wenye nafasi ya vidole vyote vitatu unagharimu kama boksi chache za risasi, na unaponya mikono mingi bila kingine chochote. Kwa kuificha mfukoni utakuwa mkubwa. Lakini wewe unaiweka nyumbani, ukubwa huo haukudhuru.

Kwa nini nang'ang'ania greni 158? Kwa sababu ya vilengeo. Kwenye rivolva fupi havirekebishiki: mbele kuna kipande cha chuma kilichochongwa pamoja na mtutu, nyuma kuna mfereji tu. Aliyeichonga alichagua uzito mmoja wa risasi, na kwa .38 Special uzito wa jadi ni huo. Bastola inaanza kuinuka wakati kichwa bado kiko ndani ya mtutu. Kichwa kizito na cha polepole kinakaa ndani muda mrefu zaidi, kinatoka mtutu ukiwa umeinuka zaidi, kinapiga juu. Kichwa chepesi na cha haraka kinatoka mapema, kinapiga chini. Wengi wanaamini kinyume chake, kwamba kizito kinashuka. Kwa mbali sana huenda wakawa na haki, lakini kwa mita 7 za ndani ya nyumba kinachotawala ni kuinuka kwa mtutu.

Usiniamini mimi, iamini karatasi. Siku unayofika uwanja wa shabaha, weka karatasi kwenye mita 7, tua mikono juu ya mfuko wa mchanga au begi, fyatua tano za greni 158 polepole ukilenga nukta moja. Zungushia kalamu. Kisha karatasi mpya, tano za aina nyingine. Tazama katikati ya kila kundi, usitazame shimo moja lililotoroka. Kundi la greni 130 likikaa vidole viwili chini ya nukta na la 158 likikaa juu yake, umepata jibu ambalo hakuna muuzaji anayeweza kukupa. Fanya vilevile na zile risasi ulizoziweka nyumbani kwa ulinzi, maana hizo ndizo zenye amri. Risasi ya mazoezi inayopiga mahali pamoja na ile ya ulinzi, kwa teke dogo zaidi, ndiyo yako, hata kama boksi lake linazidi lingine kwa franka kadhaa.

Kwenye maboksi ya Ulaya uzito huandikwa kwa gramu pia. Greni moja ni gramu 0.0648. Ukiona 10.2 au 10.25, hiyo ni 158, 9.6 ni 148, na 8.4 ni 130. Viwanda vinavyojulikana kwa risasi za kawaida za .38 ni kama Sellier & Bellot cha Ucheki, Fiocchi cha Italia na Magtech cha Brazili, na boksi huwa na risasi 50. Kati ya hao sina ninayempenda kuliko mwenzake kwa mazoezi. Ninachotaka ni boksi lisilofunguliwa, lenye jina la kiwanda, uzito na namba ya toleo. Ukipata aina inayokwenda vizuri, rudi ukanunue za namba ileile ya toleo kama zipo.

Hizo za kichwa bapa zinahitaji maneno yake. Ukiitazama risasi yenyewe utadhani ni ganda tupu: kichwa kimezama mpaka sawa na mdomo wa ganda, juu ni tambarare. Ilitengenezwa kwa mashindano ya shabaha. Kichwa cha mviringo kinachana karatasi, shimo linabaki na midomo iliyopasuka, lakini hicho bapa kinakata duara safi ambalo unaliona bila kusogea mbele. Baruti yake ni kidogo, teke ni la upole kuliko yote niliyoyataja. Kwa mtu mwenye mkono ulioanza kuogopa, mimi ningeanza nazo kabisa, boksi la kwanza na la pili, halafu ndipo nihamie 158. Mbona basi nimeziweka namba mbili? Kwa sababu ya kujaza. Kichwa cha mviringo kinaongoza risasi kuingia tunduni, hata gizani, hata vidole vikitetemeka. Hicho bapa mdomo wake unagonga ukingo wa tundu, unasimama. Ukizoea kujaza bastola kwa kutumia hizo tu, utakuwa unajifunza kukwama.

Haya, 9 mm. Naelewa inatoka wapi hadithi hii, na haikutoka hewani. Manurhin MR73 ya Ufaransa, na FN Barracuda ya Wabelgiji, ni rivolva za .357 zilizotengenezwa ziweze kuwekewa silinda ya pili ya 9 mm. Mtu akiwahi kuona moja kwa polisi au kwa mwindaji atasema kwa moyo safi kwamba rivolva inakula 9 mm. Inakula kwa silinda yake tu. Yako haina. Ganda la 9 mm Parabellum kitakoni ni pana kuliko la .38 Special, kama milimita 9.9 dhidi ya 9.6, kwa hiyo kwa kawaida halizami lote. Mtu akilisukuma kwa nguvu katika silinda iliyolika, anaweka kwenye bastola yako ya alumini risasi yenye shinikizo la paundi 35,000, mara mbili ya ile iliyochorwa kwa ajili yake. Kwamba zinapatikana kila mahali si sifa. Huku kwetu ukiona risasi inapatikana kila mahali, uliza kwanza imetoka kwenye ghala la nani, maana na wewe utaulizwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho wenye rivolva nyepesi wengi hawakifanyi, na vitabu vya viwanda vinakiagiza. Teke la bastola nyepesi linavuta ganda nyuma kwa ghafla, na kichwa cha risasi zinazongoja zamu yao kinabaki nyuma ya mwendo, kinaanza kuchomoka kidogokidogo kutoka kwenye ganda. Kikichomoka vya kutosha kinatokeza mbele ya silinda, kinagonga mtutu, silinda inagoma kuzunguka. Tatizo hili hupata zaidi vichwa vya madini ya risasi vitupu ambavyo mdomo wa ganda haukubanwa sawasawa. Fanya hivi: chukua risasi tano, moja uitie alama ya kalamu na uipime urefu kwa kipimo cha fundi, ile kaliperi wanayotumia mafundi wa mashine. Fyatua nne, ya tano yenye alama uitoe bila kuifyatua, uipime tena. Urefu ukiwa uleule, endelea. Ukiwa umeongezeka, hata nusu milimita, risasi za aina hiyo zipeleke kwa mwenye bastola ya chuma.

Sasa sikia vizuri mlio, kwa sababu risasi laini zina hatari yake. Siku moja utasikia "pyuu" badala ya "paa", na mkono hautarudi. Hapo umwambie yeyote aliye karibu asimame, na wewe usivute kifyatulio tena. Inawezekana baruti ilikuwa pungufu na kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili nyuma yake inapasua mtutu. Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri, fungua silinda, toa yote, kisha pitisha kijiti chembamba kutoka mbele uone kama kinatokea nyuma. Wakati mwingine kichwa kinakwama nusu mtutuni nusu silindani, na silinda haifunguki kabisa. Usiigonge kwa nyundo, mpelekee fundi. Na nyundo ikianguka bila mlio wowote, usikimbilie kuvuta tena kama watu wa sinema. Fataki, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, inaweza kuwa inachelewa, na ukivuta, risasi hiyo inahama kutoka mbele ya mtutu ikiwa bado ina uwezo wa kulipuka. Hesabu nusu dakika bastola ikitazama shabaha.

Ndiyo sababu risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua sizitaki mkononi mwako. Ganda la .38 Special ni kubwa kwa baruti za leo. Lilirithiwa kutoka enzi ya baruti nyeusi iliyohitaji nafasi, na kipimo cha leo kinajaza sehemu ndogo tu ya chini. Mjazaji akisahau akamwaga mara mbili, zote mbili zinaingia na bado kichwa kinakaa vizuri juu yake. Kwa nje hutaona tofauti. Ganda hilo lenyewe, kwa njia, ni asilimia 70 shaba na 30 zinki, mali zinazochimbwa hapahapa na pale Kipushi, kisha zinaturudia kwa bei ambayo sote tunaijua. Maganda yako yaokote, yana thamani, ila usimpe mtu asiye na leseni ya kujaza.

Mazoezi ya vichwa vya madini ya risasi yanachafua, na uchafu wake ni sumu. Moshi unaotoka kwenye pengo kati ya silinda na mtutu unabeba vumbi la madini hayo, linakaa kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye shati. Sisi tunakula bukari kwa mkono. Mtu anatoka kulenga shabaha, anapitia kwa mama muuzaji, ananawa vidole juu juu, anamega. Nawa kwa sabuni na maji ya baridi mpaka kwenye viwiko, badilisha shati kabla hujabeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mwanamke mwenye mimba asikae karibu na safu ya wafyatuaji. Hilo pengo lenyewe linatoa gesi ya moto kwa pembeni, kwa hiyo gumba la mkono wa kushoto lisisogee mbele ya silinda, na anayekutazama asimame nyuma yako, si ubavuni. Masikio yafunikwe hata kwa risasi tano: mlio wa bastola fupi unapita desibeli 150, na sikio likiharibika halina fundi.

Kutoa maganda nako kuna namna. Kijiti cha kusukumia kwenye rivolva fupi ni kifupi, hakitoi ganda lote. Elekeza mtutu juu, kipige kijiti mara moja kwa kiganja, kwa nguvu. Ukifanya hivyo mtutu ukitazama chini, punje za baruti zisizoungua zinaanguka chini ya ile nyota ya kutolea maganda. Punje chache tu hapo zinatosha kuinua nyota, na silinda inakuwa nzito au inakataa kufunga. Watu wanalaumu bastola, kumbe ni mchanga wa baruti. Mswaki wa zamani wa meno unamaliza kazi hiyo, baada ya kila boksi, na kitambaa kikavu. Usimwage mafuta mengi hapo, yanakamata uchafu, na yakifika kwenye fataki ya risasi yanaweza kuiua.

Kwa kikao kimoja boksi moja linatosha, na kwa bastola yako huenda ni zaidi ya inavyopaswa. Mkono ukianza kutetemeka, acha. Ukifyatua zaidi ya hapo unafundisha mkono woga ulioutoa asubuhi. Tano za mwisho ziwe za zile ulizoweka nyumbani, ili mkono ukumbuke tofauti na uone kwamba si kubwa. Siku zilizobaki za mwezi, fanya mazoezi matupu kwa risasi bandia zenye fataki ya mpira au plastiki: chumba kisicho na risasi hai hata moja, ukuta wa matofali mbele, kuvuta kifyatulio polepole mpaka nyundo ianguke bila kilengeo kusogea. Kifyatulio kizito cha rivolva fupi kinajifunzwa hapo zaidi kuliko uwanjani, na hakuna anayekuuzia boksi.

Uwanjani, nimesema, si porini. Najua vijana wanaochukua barabara ya Likasi, wanatafuta kichuguu kikubwa, wanabandika karatasi. Vichuguu vyetu vinazidi kimo cha nyumba, vinatia imani. Lakini wakati wa ukame udongo wake umeiva kama tofali, na kichwa kikiupiga kwa pembe kinaruka. Kisichopiga kichuguu kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na msitu huo unaouona mtupu una wachoma makala na mama zao wanaokusanya kuni. Tena milio mitano ya bastola pembeni ya barabara itakuletea askari kabla hujajaza mara ya pili. Silaha na risasi kwetu zinaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Kabla ya kununua akiba, uliza ofisi iliyokupa kibali unaruhusiwa kuweka risasi ngapi, upate jibu kwa maandishi. Na kama mtu anakuambia Zambia ni bei nafuu, usivuke Kasumbalesa na risasi garini, hata moja iliyosahaulika mfukoni.

Risasi zako zikae ndani ya boksi lake, ndani ya kopo la chuma linalofungwa, mahali pa baridi na pakavu, mbali na bati la dari na mbali na watoto, bastola ikiwa na kufuli lake. Mvua za Novemba mpaka Machi hazidhuru kopo lililofungwa vizuri.

Ngozi ndiyo inayodhuru, na hapo tunafika kwa mjomba. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ina asidi, inashika unyevu, na ganda linalolala ndani yake kwa miaka linaota ule ukungu wa kijani ambao mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa. Chini ya kijani ganda limeliwa, na linaweza kupasuka. Lakini la kwanza si hilo. Geuza risasi moja usome kitako chake. Ikisema .38 S&W bila SPL, au .380, inawezekana mjomba alikuwa na Webley au Enfield ya Waingereza, zilizoenea Rhodesia na makoloni mengine. Hiyo ina ganda fupi, chini ya milimita 20 dhidi ya 29 za kwako, na nene zaidi. Haifai kwako. Ikiwa bastola ya mjomba bado ipo, kuna jambo lingine: baadhi ya bastola za risasi hiyo fupi zilitobolewa baada ya vita zipokee .38 Special, na ganda jembamba linavimba na kupasuka ndani ya tundu pana. Isifyatuliwe na chochote.

Hata kama kitako kitasema .38 SPECIAL, za mkanda usizifyatue. Usizitupe jalalani, usizichome pamoja na takataka, usizipe watoto wa jirani wauze kama chuma chakavu. Zichomoe, ziweke kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, piga simu kwanza kwenye ofisi ya kibali, kisha uzipeleke. Waombe karatasi ya kupokea. Mkanda wenyewe baki nao, upake mafuta, ni wa suruali tu sasa.